Zilipendwa na Nani? Lugha ya Hamu ya Nyimbo za Kale Redioni

Katika Afrika ya Mashariki, nyimbo za dansi zilizorekodiwa tangu miaka ya 1950 hadi kiasi cha miaka ya 1980 zimepata jina lake redioni. Watanzania huziita zilipendwa. Wakenya, aghalabu, huziita zilizopendwa. Vipindi vimeitwa kwa majina hayo, kanda zimeuzwa kwa majina hayo, na msikilizaji anayeomba apigiwe wimbo wa ujana wake hana haja ya kueleza zaidi. Maneno hayo yamezoeleka mno hata muundo wake hausikiki tena masikioni. Makala haya yanaanzia kwenye muundo huo, kwa imani kwamba unasema jambo juu ya hamu yenyewe ambalo wasikilizaji wakiulizwa hawalisemi waziwazi.

Zilizopendwa ni umbo la kawaida kabisa. Lina kiambishi cha ngeli zi-, kiambishi cha wakati uliopita -li-, kirejeshi -zo-, mzizi -pend-, na -w- ya kauli ya kutendwa. Nomino nyimbo imeachwa kwa kuwa inaeleweka, kama inavyoachwa nomino watu katika waliokufa au waliohamia. Zilipendwa ni jambo jingine. Hili si fungu la nomino. Ni sentensi kamili, yenye kiima na kiarifa, iliyopewa kazi ya nomino bila ya kubadilishwa hata silabi moja. Kiswahili hakishindwi na mambo kama hayo. Majina ya watu kama Sikujua, Sijaona na Havijawa ni sentensi pia. Lakini hayo ni majina ya pekee, kila moja na mwenyewe. Zilipendwa limekuwa nomino ya jumla, na hilo ni nadra. Huenda lilianza kama maelezo ya mtangazaji aliyewaambia watu kwamba nyimbo zifuatazo zilipendwa, kisha maelezo yakaganda yakawa jina la kitu chenyewe.

Lilipokwisha kuwa nomino lilianza kutembea. Siku hizi si ajabu kusikia Dar es Salaam kwamba gari fulani ni zilipendwa, au kwamba mchumba aliyeachwa zamani ni zilipendwa wa fulani. Hakuna asemaye kwamba mchumba huyo ni alipendwa, ingawa sarufi ya sentensi ingedai hivyo. Zi- imekufa ndani ya neno na haileti tena upatanisho. Upatanisho wa nje nao unayumba: huyu atasema zilipendwa yangu, yule zilipendwa wangu, kwa kufuata uhai wa anayetajwa. Wasanii wa Wasafi walipotoa wimbo uitwao Zilipendwa mwaka 2017, neno lilikwisha kubeba maana ya kitu chochote kilichopitwa na wakati, pamoja na mzaha ndani yake. Umbo la Kenya halikusafiri mbali hivyo. Zilizopendwa bado linadai nyimbo, zitajwe au zisitajwe, kwa sababu kirejeshi kinalifunga kwenye nomino yake. Umbo ambalo mwalimu wa sarufi angelitilia shaka ndilo lililozaa, na lile lililo sawasawa limebaki tasa.

Katika maumbo yote mawili wakati ni ule ule. Lugha ilikuwa na njia nyingine. Zimependwa ingalisema kwamba penzi lilikuja na lingalipo. Hupendwa ingalisema kwamba ni desturi ya siku zote. Ikachaguliwa -li-, ambayo hulifunga tendo na kuliacha nyuma. Hapo pana kinyume cha wazi. Wimbo hupigwa leo kwa sababu leo kuna mtu aliyeuomba, naye anaupenda, ilhali jina lake lasema kwamba kupendwa kwake kumekwisha. Wazee huliona hilo, na si mara moja wala mbili wamesikika wakipinga kwamba nyimbo hizo hazikupendwa tu bali zinapendwa hata sasa. Hilo ni pingamizi la sarufi, hata kama msemaji hajui kwamba anajadili sarufi. Haoni haya kukubali kwamba yeye mwenyewe amezeeka. Anachokataa ni ule ukamilifu wa -li-.

Kauli ya kutendwa nayo ina yake. Inamruhusu msemaji kumficha mtenda. Zilipendwa na nani? Swali hili laweza kuonekana la utani, kwani jibu la haraka ni kwamba zilipendwa na watu wote. Na kwa kiasi fulani ni kweli, ila sababu yake ni ya utawala kuliko ya sanaa. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilichukua mitambo yote na kuunda Sauti ya Kenya, iliyokuja kugeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989. Hadi katikati ya miaka ya 1990, vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa, mwananchi hakuwa na redio nyingine ya nchini ya kugeukia. Idhaa ya Taifa ya Kiswahili ilisikika dukani, hotelini na nyumbani kwa wakati mmoja. Upande wa pili wa mpaka, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo watu wa rika moja, kutoka Voi hadi Busia, walisikia wimbo mmoja saa moja, wapende wasipende. Kijana wa leo ana makumi ya vituo na simu mkononi, na wenzake wawili waliokaa naye benchi moja huenda kila mmoja anasikiliza chake. Hata akizeeka na hamu yake, atapata taabu kupata wa kuishiriki. Msikilizaji wa kale alipewa wenziwe na uhaba.

Wala haikuwa kwamba redio ilipiga tu kilichopendwa. Dar es Salaam muziki wa soul wa Wamarekani Weusi ulipigwa marufuku mwaka 1969 kwa jina la utamaduni wa taifa. Kenya, mwaka 1980, Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya, agizo lililozusha malalamiko mengi na ambalo halikudumu. Ugumu wake ulikuwa wa maana ya neno: muziki wa Kenya ni upi? Wilson Peter Kinyonga na nduguye George, waliounda Simba Wanyika, walitoka Tanga. Les Wanyika, waliojitenga nao mwaka 1978 na kuvuma kwa Sina Makosa, walikuwa na Watanzania katika safu ya mbele. Super Mazembe, Les Mangelepa na Samba Mapangala walitoka Kongo. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walikuwa Wazambia. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alirekodi Nairobi, na mauti yakamkuta Mombasa kwa ajali ya gari mwaka 1979. Ukiwaondoa hawa katika zilizopendwa za Kenya, wakabaki Fundi Konde, Fadhili William, Daudi Kabaka, David Amunga, Gabriel Omolo na Maroon Commandos, bado ni hazina; lakini si hazina ile ambayo msikilizaji anaikumbuka anaposema nyimbo zetu.

Kuna mtenda mwingine anayefichwa na kauli ya kutendwa, naye ni mtunzi. Wasikilizaji wengi humjua mwimbaji wasimjue mtunzi, na mara nyingine hata bendi imechanganywa na nyingine. Malaika, wimbo ambao umeimbwa duniani kote na ambao Fadhili William aliupatia umaarufu wa kwanza, umekuwa na madai zaidi ya moja juu ya nani aliutunga. Zilipendwa, naam; zilitungwa na nani ni swali ambalo mahakama, wajane na watoto wa wanamuziki wamebaki nalo.

Tofauti baina ya Kenya na Tanzania haikuishia kwenye kirejeshi. Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya kuchapa santuri, na mwenye fedha aliweza kununua sahani ya wimbo mmoja River Road akaenda nayo kwao. Tanzania ilikosa kiwanda. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Mkenya akiukumbuka wimbo hukumbuka pia kitu: kibandiko cha sahani, sindano, mikwaruzo. Mtanzania hukumbuka zaidi mawimbi. Pengine ndiyo sababu katika Tanzania redio imehesabiwa kuwa mwenye nyimbo, na jina likatoka kinywani mwake.

Santuri ndogo ilikuwa na shida yake, nayo inawahusu watafiti wa fasihi kuliko wanavyodhani. Upande mmoja haukutosha wimbo wa dakika saba au nane. Wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Upande wa kwanza ulibeba kisa. Wa pili aghalabu ulibeba magitaa na mwito wa wachezaji, lakini mara nyingine ulibeba mwisho wa kisa pia. Mtangazaji mwenye haraka ya taarifa ya habari alipiga upande wa kwanza akaishia hapo. Hivyo kuna watu waliozeeka wakiamini kwamba mke yule hakurudi, kumbe alirudi upande wa pili. Mwenye kuchambua maudhui ya nyimbo hizi kwa kutegemea kumbukumbu ya wasikilizaji hana budi kuuliza kwanza walisikia upande upi.

Sasa hamu yenyewe. Wazungu wana neno nostalgia, ambalo lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu huko Basel, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani: kurudi nyumbani, na maumivu. Lilikuwa jina la ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao. Baadaye likahama kutoka mahali kwenda wakati, likawa jina la kutamani siku zilizopita. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa maana hiyo. Hamu na shauku hutazama mbele zaidi kuliko nyuma; mtu huwa na hamu ya atakachokipata. Simanzi na jitimai zina uzito wa msiba. Lakini wasikilizaji hawakungoja kamati ya istilahi. Wimbo ukimalizika husema: umenikumbusha mbali. Mbali ni neno la mahali, nalo hapa limetumiwa kwa wakati, safari ile ile iliyofanywa na neno la Hofer, ila kwa Kiswahili mahali na wakati hazikutengana. Anayesema amekumbuka mbali huwa amekumbuka kijiji na mwaka kwa pamoja, na kiashiria cha mbali humsaidia: siku zile, enzi zile, nyumba ile. Wanaotafuta istilahi ya Kiswahili ya jambo hili wangefanya vema kuanzia hapo kabla ya kukimbilia kutohoa.

Pia husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Msemo huo una harufu ya Kiingereza, na haielekei kwamba ulitokea pwani. Methali ya Waswahili juu ya mambo ya kale ni kali zaidi: mavi ya kale hayanuki. Methali hiyo haisemi kwamba ya kale yalikuwa mazuri, ila kwamba harufu yake imekwisha. Kwa mwenye kuchunguza zilipendwa, hii ya pili ina faida kubwa kuliko ile ya kwanza.

Lakini sehemu kubwa ya kile kinachokumbukwa haikuwa muziki hata kidogo. Ilikuwa salamu. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaijaza kwa kalamu, akaituma kwa posta, na baada ya majuma ikasomwa. Maneno yake yalikuwa na mpangilio usiovunjwa: jina la mwenye kutuma, sanduku lake la posta, majina ya wanaosalimiwa mmoja mmoja pamoja na mji wa kila mmoja, wengine wote wanaomfahamu popote pale walipo, ujumbe wa maneno machache, ambao mara nyingi ulikuwa methali au onyo lenye fumbo, na mwisho kibao alichochagua. Mwenye kujua barua za kale za Waswahili, zenye salamu ndefu kabla ya waama baada, ataitambua desturi hii mara moja. Tofauti ni kwamba katika barua salamu ni mlango wa habari. Katika kadi ya redio salamu ndiyo habari yenyewe. Fulani yu hai, yuko Nakuru, anawakumbuka. Kwa mama aliyekuwa na mwana mjini na asiyejua kusoma, hiyo ilikuwa barua iliyosomewa nchi nzima.

Mpangilio huo una mengi ya kuwafunza wanaosoma matumizi ya lugha. Utaratibu wa majina ulikuwa wa heshima: wazazi kwanza, wakubwa wa ukoo, ndugu, kisha marafiki, na yule msichana aliyekusudiwa hasa akafichwa katikati ya majina ya dada zake. Aliyeachwa nje alijua kwamba ameachwa, na ugomvi ulizuka. Ujumbe wa fumbo ulisomwa na mtangazaji kwa sauti ya upole asijue unamchoma nani, hali jirani aliyelengwa alikuwa ameketi mbele ya redio. Kadi zilizokwisha kusomwa hazikuwa na thamani machoni pa mtu, na hakuna aliyeona kwamba ni fasihi. Wimbo ulibaki kwa kuwa ulikuwa kwenye sahani. Ndiyo maana leo hamu yote imeuangukia wimbo, ijapokuwa kwa wengi wimbo ulikuwa muhuri tu wa salamu. Mtu asemapo kwamba wimbo fulani unamliza, inawezekana kinachomliza ni jina lililosomwa kabla yake na mawe ya redio yalivyokuwa yakiishiwa nguvu jina lilipokaribia.

Katika mazungumzo juu ya zilipendwa hutolewa hoja mbili kila mara: kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na mafunzo, na kwamba lugha yake ilikuwa safi. Ya kwanza ni nusu ya kweli. Zilikuwapo nyimbo za kuonya na kuasa, na bendi za Tanzania, ambazo nyingi zilikuwa mali ya jumuiya, jeshi na mashirika ya umma, zilitarajiwa kufundisha. Lakini zilikuwapo pia za kusifu pombe, za kusifu viongozi ambao sifa zao hazikudumu, na nyingi mno zilizomtwika mwanamke wa mjini lawama za mji mzima. Hizo nazo hupigwa sasa, na wasikilizaji walewale wanaolaani matusi ya vijana huziimba bila kukunja uso. Harufu imekwisha.

Hoja ya lugha safi yataka subira zaidi. Kiswahili cha nyimbo za Nairobi kilikuwa aina nyingi. Kile cha Simba Wanyika kilikuwa cha Tanga, chenye upatanisho kamili na ladha ya pwani. Watu wengi wa bara ya Kenya, ambao mitaani walisikia Kiswahili cha kazini na darasani cha mtihani, walipata kwa bendi hizi Kiswahili cha mapenzi, cha kubembeleza, cha kuomba radhi. Huo ni mchango ambao historia za usanifishaji hazijautaja ipasavyo. Upande mwingine kulikuwa na Kiswahili cha watunzi wa magharibi mwa Kenya, kilichofuata mapigo ya lugha zao za kwanza, na viambishi vikaachwa pale ala ilipovidai vipungue. Leo vyote viwili vinaitwa safi. Mwanafunzi akiandika insha kwa Kiswahili hicho cha pili atakatwa alama, na mwalimu anayemkata alama huenda aliuimba wimbo huo njiani akija kazini.

Zaidi ya hayo, kuelewa maneno si sharti la kuupenda wimbo. Charonyi ni Wasi ya Maroon Commandos, iliyovuma miaka ya 1970, ni ya Kitaita, na ilipendwa na watu wasiojua hata neno moja la Kitaita. Nyimbo za Kilingala zimeimbwa kwa nusu karne na vinywa vilivyobuni silabi zake. Kutoelewa huko kuna matokeo. Kasongo, wimbo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970, ulirudi kwa kishindo Kenya mwishoni mwa mwaka 2024 vijana walipoufanya jina la utani la Rais. Walioujua zamani walishangaa. Hapakuwa na lolote la siasa ndani yake. Lakini kwa kuwa wengi hawakufuata maneno, jina lilikuwa wazi, kama chungu kisicho na kitu, na vijana wakalijaza walilotaka. Wimbo wa Kiswahili wenye kisa kinachoeleweka usingegeuzwa kwa urahisi huo.

Yapo mambo ya kufanywa mapema. Maneno ya nyimbo hizi yananukuliwa vibaya katika tasnifu, kwa sababu kila mwanafunzi hujiandikia alivyosikia, na mengi husikia upande wa kwanza tu. Waliopiga magitaa hayo wanazidi kupungua: George Peter alifariki mwaka 1992, Wilson Kinyonga na Marijani Rajab mwaka 1995, Daudi Kabaka na Fadhili William mwaka 2001, Habel Kifoto wa Maroon Commandos mwaka 2011, Muhidin Gurumo mwaka 2014. Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake wasikilizaji wa Kenya waliijua tangu miaka ya 1960, alifariki Februari 2025. Idara za lugha zina vinasa sauti, zina wanafunzi wanaotafuta mada, na zina wanafunzi hao hao ambao nyanya na babu zao wanakumbuka kadi walizoandika, kwa majina, kwa mpangilio, na mara nyingine pamoja na fumbo lililotiwa humo na mtu aliyekusudiwa kulisikia.